Kopo ya Maji kwa Jirani

Lubarika, tarehe 8 mwezi wa kumi 2023

Kwa mujukuu wangu Evariste,

Nakusalimia mu jina la Mungu anayetuamusha. Minye niko, mupunga iko, mvua ya kwanza ilishanyesha na vyura vinaimba sawa kwaya isiyo na mwalimu. Muke wako Bénédicte iko aje? Mutoto wenu Ornella alishaota meno, ao bado anakula uji kama muzee? Jirani yangu Agnès anakusalimia. Anasema tangu ulinenepa haupiti tena huku. Nilimujibu: hakunenepa, alipata cheo.

Juu ya cheo, nakushukuru. Mama yangu alinifundisha kwamba muntu akikukosea, umushukuru kwanza kwa yale alifanya muzuri, kisha umugombeze. Basi, asante kwa mabati uliyobadilisha. Asante kwa mulango wa choo. Asante kwa sukari uliyonitumia na Pitchou, shofere wa kamio, ile lori ya mupunga, hata kama pakiti ilifika imefunguliwa na Pitchou ana sukari ku mudomo.

Sasa tuingie. Tangu bwana wangu, Tate yako Ezéchiel, alitutoka, minye nilikuachia parsele yetu ya Kilibula, kiwanja na nyumba zake pale Uvira, uitunze. Nyumba kubwa uipangishe kwa muntu wa maana, na ile aneksi, kanyumba ka nyuma, ibaki ya Mama Charlotte, sawa ilivyokuwa. Ulifurahi, ukatengeneza hata kashe, muhuri wa "Gérant", musimamizi wa nyumba. Muzuri, kashe haiume. Lakini juzi Agnès alinunua ndagala, zile dagaa za ziwa, zilizotoka Uvira, kwa Mama Charlotte mwenyewe. Tukapika. Evariste, ndagala zilitoa povu. Povu mu sufuria! Agnès akasema ni miujiza. Minye nikaonja, nikasikia sabuni. Nimekula ndagala za Charlotte tangu meno yangu yote ingali mu kinywa, sijapata kuosha tumbo nazo.

Nakuuliza: nani iko mu nyumba yangu? Anafanya kazi gani? Na Mama Charlotte iko aje?

Usinipigie simu. Ku simu, muntu akikamatwa anasema rezo, ile mutandao, iko mubaya, anakata. Barua haina rezo. Unakaa nayo mpaka uone haya.

Koko wako,
Pudentienne

Minye mwenyewe naandika, na ile troisième primaire yangu, darasa la tatu. Usitafute makosa, tafuta majibu.


Uvira, tarehe 29 mwezi wa kumi 2023

Koko mupendwa,

Nimepokea barua yako kwa mikono miwili. Hapa sisi wote tuko wazima. Ornella ameota meno na tayari amemuuma mama yake. Bénédicte anakushukuru kwa unga wa muhogo, anasema tangu aolewe hajasonga bugali mweupe namna ile. Ziwa limetulia kidogo, lakini bantu ba chini ya barabara bangali na woga, kila mvua banaangalia mulango.

Kuhusu parsele, kila kitu kiko muzuri. Lokateri, mupangaji wa nyumba kubwa, anaitwa Venant. Ni baba wa familia, muntu wa adabu, muchapakazi, anaamka mbele ya jogoo. Tulichimba pia kamuferezi kadogo ka kupitisha maji. Ambiance, maisha mu parsele, ni nzuri. Kuhusu lile povu, Koko, labda sufuria ya Mama Agnès haikusuuzwa muzuri.

Pitchou anasema siku alipokuletea sukari alikukuta umekaa, na kwamba hukuinuka kumusalimia. Weye, Koko, unayeinukia hata mbuzi wa pastori. Muguu iko aje?

Mujukuu wako mutiifu,
Evariste


Lubarika, tarehe 19 mwezi wa kumi na moja 2023

Evariste,

Salamu kwa Bénédicte, na pongezi kwa Ornella: mutoto anayeuma ataishi. Huku tumemaliza kupandikiza mupunga, namushukuru Mungu na namushukuru Agnès aliyeinama mahali pangu siku mbili tatu. Barua yako nilimusomea. Nilipofika ku maneno ya sufuria, alienda kwake, akaisugua na muchanga mpaka ikalia. Ile utaitengeneza weye na yeye. Minye siingie.

Nilikuuliza mambo matatu. Umejibu moja, nusu. Mu barua yako kuna Venant, kuna jogoo, kuna kamuferezi, kuna hata ambiance. Mama Charlotte hayuko. Nimegeuza karatasi nione kama umemuweka nyuma. Hayuko. Na ile muferezi ni ya nini? Muntu anayeoga na kupika mboga ya sombe hachimbi muferezi.

Sikiliza. Tate yako alipangisha ile nyumba miaka mingi na hakuwa na kashe. Alikuwa na kofia. Muntu akikuja kuomba nyumba, Tate anamuuliza neno moja tu: unatoka avenu gani, mutaa gani? Kesho yake anavaa kofia, anaenda kule, anapiga hodi kwa jirani wa yule muntu, anaomba maji ya kunywa. Nani atamunyima muzee maji? Anakunywa polepole, kisha anataja jina la yule muntu, sawa vile linamutoka tu ku mudomo. Kama jirani anaanza kumusifu mbele maji haijaisha, Tate anamaliza kopo, anarudi, anatoa ufunguo. Kama jirani anaangalia chini, ao anasema "kila muntu na tabia yake," Tate anarudisha kopo na maji ndani, anaaga muzuri, na nyumba inabaki imefungwa hata kama mufuko wetu unalia.

Ulimuona akifanya vile, ulikuwa unamubebea fimbo. Sasa niambie: juu ya Venant, weye uliomba maji wapi?

Muguu iko ku mwili wangu. Ni kazi yangu.

Koko


Uvira, tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 2023

Koko mupendwa,

Noeli njema. Tulikula mupunga wako, na mbele ya kula Bénédicte alitusalisha juu yako, akakutaja kwa jina kamili mpaka nikafikiri umeingia.

Nimechelewa kuandika. Kamio ya Pitchou haikuharibika. Nilichelewa minye.

Sikuomba maji mahali popote.

Koko, Venant alibeba sanduku ya Tate. Unakumbuka mvua ya ile siku, ginsi njia ya makaburi iliteleza, vijana ba familia bakaanza kuangaliana? Yeye njo alikuwa mbele, upande wa kushoto. Viatu vyake vilibaki mu matope. Aliendelea miguu mitupu na hakuacha sanduku ipinde hata kidogo. Miezi kisha, akanijia, anatafuta nyumba. Muntu aliyemubeba Tate yangu ku bega, nitaenda kuuliza nyuma yake kama mwizi? Kwetu ile ni matusi. Nilimupa ufunguo pale pale.

Anapika sabuni. Mapipa yako mu uwanja, ya mafuta ya mawese na ya soude, ile dawa inayokula hata ngozi. Maji yake inapita mbele ya aneksi. Njo maana ya kamuferezi, na kamuferezi hakakusaidia kitu. Mulimao wa Tate, ule wa mbele ya aneksi, umekauka. Ndagala za Mama Charlotte, pale anazianika, zilikamata moshi na ile maji. Banunuzi bake ba mutaa wa Kimanga balianza kumurudishia. Kisha balianza kumucheka. Banamuita Mama Sabuni.

Hakunilalamikia hata siku moja. Bénédicte alipita kumusalimia, akakuta aneksi imefagiliwa, ufunguo ku musumari. Sijue alienda wapi. Nilikuficha juu niliona haya, na juu nilifikiri nitamupata mbele weye ujue.

Nifanye nini na Venant? Nikimufukuza, nitasimama aje ku kaburi ya Tate?

Evariste


Lubarika, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2024

Evariste,

Mwaka mupya uwe na baraka kwako, kwa Bénédicte, kwa mutoto. Asante juu umesema. Nilisoma, nikakunja karatasi, nikakaa mpaka Agnès akaniuliza kama kuna kilio.

Venant, namushukuru. Muambie ile kwa kinywa changu. Alimubeba bwana wangu mu matope na akapoteza viatu. Kwa ile, mupe heshima, muite mezani, mupe kiti ya mbele siku Ornella anaolewa. Lakini bega la kubeba maiti haliniambie ginsi muntu anaishi na bazima. Ile ni mitihani miwili. Weye uliona amepita wa kwanza, ukamupa pointi za wa pili. Gérant wa kashe!

Na Charlotte, nani amemushukuru? Wakati Tate alilala pale Uvira bila kuweza kujigeuza, na mugongo yangu ilinikatala, nani alimugeuza? Alikuja kila asubuhi mbele ya kwenda kupokea ndagala ku ziwa. Anaosha mikono, anasema, "Papa Ezéchiel, tugeuke, tuone upande ile ya dunia." Tate alikuwa anacheka. Muntu anayekufa, anacheka! Hakupata kidonda hata kimoja ku ngozi. Siku tulimuzika, nilimuambia Charlotte mbele ya bantu bote: ile aneksi hakuna atakayekutoa mule, mpaka Mungu mwenyewe akuite. Ni hiki kinywa changu kilisema. Sasa muntu mwenye aliambiwa vile amefagia, ametundika ufunguo, ameenda kimya. Umenifanya muongo mbele ya muntu ambaye sitapata namna ya kumulipa. Hiyo njo kosa yako. Mapipa ni kidogo.

Sitakunyanganya kazi. Gérant akikimbia, kosa itabaki na nani? Hukumu yangu ni hii: hamia mu aneksi. Weye peke yako, Bénédicte na mutoto babaki ku nyumba yenu, bao habakukosa. Lala mule, pika mule, anika shati zako pale Charlotte alianika ndagala. Usiniandikie mpaka ujue ile yeye alijua. Kisha tengeneza. Kisha umutafute. Kama akikatala kurudi, minye nitakuwa nimekufa na uongo ku mudomo, na nitakukujia mu ndoto nikiwa na sufuria ya Agnès.

Uliniuliza juu ya muguu. Mupunga iko muzuri.

Koko wako


Uvira, tarehe 24 mwezi wa tatu 2024

Koko,

Bénédicte na Ornella banakusalimia. Mutoto alipokuja kunitembelea huku alikohoa, mama yake akamurudisha mbio, akaniangalia na jicho ambalo linafanana na lako.

Ndiyo, nakuandikia nikiwa mu aneksi. Asubuhi macho inatoa machozi mbele sijakumbuka jambo la kulilia. Shati yangu nyeupe ya kanisani imetoboka ku mugongo. Nilipika maharagi, ikatoa povu, nikakukumbuka. Mama Charlotte alikaa mu hii hali muda wote ule, na akinikuta mu njia alikuwa ananisalimia, "Jambo, gérant," bila kuongeza neno. Nilifikiri anafurahi.

Mbele ya kuongea na Venant, nilivaa kofia ya Tate. Venant alikaa zamani Kimanga. Nilienda kule, nikapiga hodi kwa mama mumoja anayeuza makala ya kupikia, nikaomba maji. Akanipa. Nikakunywa kidogo, nikasema, "Hapa njo Venant alikaa?"

Akaniangalia. "Weye ni ndugu yake?"

"Hapana, mama. Ni gérant wa kule anakaa sasa."

Koko, alicheka mpaka akakalia gunia. "Gérant! Hapa pia tulikuwa na gérant. Naye hakuomba maji. Kuja uone." Akanionyesha ukuta wa nyumba ile ingine. Umelika chini sawa mukate wa panya. "Venant si mubaya, papa. Hata baba yangu mwenyewe, yeye njo alimubeba ku kaburi. Hakuna kilio hapa ambacho hakubeba. Kila muntu anamupa nyumba juu ya lile bega, na kila muntu anamutoa juu ya yale mapipa. Yeye umupende. Pipa, umutafutie pori."

Nilirudisha kopo na maji ndani. Akaangalia ile maji, akasema, "Umechelewa kidogo."

Nikarudi kwa Venant. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, lakini aliniweka kiti, akanipa chai. Nikamuambia shukrani zako zote, halafu yale mengine. Akainamisha kichwa.

"Nilizani unajua kazi yangu," akasema. "Siku ile haukuniuliza kitu. Ulikamata mikono yangu, ukalia. Nikasema, huyu anajua yote na amekubali."

Ni kweli, Koko. Sikumuuliza hata kazi yake.

Tulitafuta pamoja. Amepata mahali pa kukaa na kupika, mbali na nyumba za bantu, karibu na bafyatua matofali, pale moshi ni desturi. Mapipa nilibeba minye na yeye, yeye mbele, upande wa kushoto, sawa ile siku. Tulipofika aliniambia ni mara ya kwanza anahama bila kufukuzwa. Amekutumia kipande cha sabuni. Minye nimechimba udongo wote wa mbele ya aneksi, nimeutupa, nimeleta mwingine, nimepaka chokaa, nimepanda mulimao mupya pale pa zamani. Nikaanika ndagala kidogo za kujaribu, nikazipika. Hakuna povu.

Halafu Mama Charlotte. Nilimupata ku mwalo, asubuhi, pale mitumbwi inapakua. Nikasema, "Mama, rudi ku nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Ya Koko. Nimeshatengeneza. Nilikaa mule minye mwenyewe."

Akaendelea kuchagua ndagala. "Na muke wako, munakaa naye avenu gani?"

Nikamuambia. Nikafikiri anataka kumusalimia Bénédicte. Akasema tu, "Muzuri, gérant," akajitwika beseni.

Kesho yake Bénédicte anakuja mbio: "Mama Charlotte iko kwa jirani, anaomba maji!" Koko, alikuwa anauliza juu yangu minye! Nilisimama nyuma ya pazia sawa mutoto aliyevunja sahani. Jirani yule tuligombana zamani juu ya kuku. Sijue alisema nini. Charlotte alitoka, akapita mbele ya mulango wetu, hakuingia.

Sasa bananiambia alipanda kamio ya Pitchou kuelekea bonde, upande wa Lubarika. Iko anakuja kwako? Koko, niambie. Aneksi iko tayari na ufunguo niliurudisha ku ule musumari. Na safari hii sikukuuliza juu ya muguu, juu najua mupunga iko muzuri.

Evariste


Lubarika, tarehe 12 mwezi wa tano 2024

Mujukuu wangu Evariste,

Mungu akubariki weye na nyumba yako. Leo sianze na vyura. Leo naanza na asante, na haina kitu cha kugombeza nyuma yake, ao ni kidogo.

Asante kwa udongo. Asante kwa mulimao. Asante juu ulivaa ile kofia, Tate yako anaona. Asante juu hukumufukuza Venant sawa mbwa, ulibeba naye. Sabuni yake ilifika. Nimeoga nayo. Ina povu muzuri, umuambie. Kila kitu na mahali pake: sabuni ku ngozi, ndagala mu sufuria.

Charlotte alifika. Kamio ilimushusha, nikamuona kwa mbali, beseni ku kichwa, nikainua mukono. Alinisalimia na kichwa tu. Halafu, Evariste, akakata kona. Akaenda kwa Agnès! Akapiga hodi. Akaomba maji.

Minye niko ku mulango wangu. Naona mugongo wa Charlotte, naona kopo, naona Agnès anaongea na mikono yote miwili inaruka sawa muntu anafukuza nyuki. Agnès! Yule ninayemugombeza kila siku juu ya mbuzi wake, na weye ulimutukania sufuria. Nikasema moyoni: Pudentienne, leo umepatikana. Maji ya Tate imekurudia. Na sikuweza kutembea mpaka pale nisikilize. Basi, umesikia. Sikuweza. Si tangu leo.

Charlotte alikunywa polepole sawa Tate. Anakunywa, anasikiliza, anakunywa. Kisha akainua kopo juu, akalipindua pale ku uwanja, ili nione. Hakuna kilichoanguka.

Akakuja, akakaa chini, hakuniuliza kitu. Akakamata hii muguu, akaigeuza taratibu, akasema, "Tugeuke, tuone upande ile." Nikalia sawa mutoto. Usimuambie Pitchou.

Nikamuuliza, "Agnès alisema nini juu yangu?"

"Alisema unagombana sana."

"Na nini tena?"

"Na nilimaliza maji."

"Na ku jirani wa Evariste?"

"Ile pia nilimaliza. Lakini kuku yao, amurudishe."

Basi murudishe kuku, nilijua haukunenepa bure. Charlotte ameshateremuka Uvira. Ukisoma hii, ufunguo hauko tena ku musumari. Kinywa changu kimepona. Nakushukuru, mutoto wa mutoto wangu. Uliharibu sawa kijana, ukatengeneza sawa muzee.

Neno moja lingine, na hili ni la kazi. Kuna muntu anatafuta chumba mu parsele. Ni mujane. Hapike sabuni. Hana kelele isipokuwa ya kinywa. Shamba limeanza kumushinda, na Charlotte anasema akae mu nyumba kubwa, chumba ya mbele, ili kila asubuhi apite kumugeuza ile muguu. Unamujua. Usimupe ufunguo juu ni damu yako, wala juu alikupikia uji. Ni vile vile ulifanya na Venant. Kuja hapa na kofia, omba maji kwa Agnès. Umuombe kwanza musamaha ya sufuria, bila ile atakupa maji ya mbuzi. Mutaje yule mujane, sawa vile jina linakutoka tu. Kunywa polepole.

Na umuambie Pitchou aache nafasi ya godoro mu kamio.

Minye nitakuwa ku mulango, naangalia kopo.

Koko wako,
Pudentienne